Ghazali ni mlango wa mbao mbili

Kwa miaka mingi nilidhani ghazali ni jina la wimbo wowote wa Kihindi unaokwenda polepole. Tabla inagonga kwa upole, kinanda kinavuta pumzi, mwimbaji analia kidogo, basi hiyo ni ghazali. Sikuwa peke yangu. Katika miji yetu ya pwani filamu za Bombay ziliingia kwenye majumba ya sinema kama Majestic pale Unguja, watazamaji wakatoka wakiziimba njiani, na tuni zake zikahamia kwenye taarab. Maneno yalibaki ng'ambo. Wapo watu wanaoweza kukuimbia nyimbo za Umrao Jaan ya mwaka 1981 kwa kufuata sauti ya Asha Bhosle, wasijue kwamba aliyezitunga ni Shahryar, mshairi na mwalimu wa Kiurdu wa Chuo Kikuu cha Aligarh, wala kwamba maneno yale yamefungwa kwa kanuni zilizokwisha kukomaa karne nyingi kabla ya sinema kuzaliwa.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja muuza vitambaa mtaani kwetu, ambaye sote tulimwita Babu. Jioni, akifunga hesabu, alizoea kusikiliza kanda za mwimbaji Mehdi Hassan. Siku moja nikamuuliza wimbo ule unasimulia hadithi gani. Akaniambia kwamba mle hamna hadithi; nisikilize mwisho wa mistari, kisha nimtajie neno linalorudi. Nikasikiliza. Neno likarudi. Likarudi tena, kila mara na sura nyingine. Sikujua Kiurdu hata chembe, lakini ulipofika ubeti wa nne nilikuwa nimelikalia tayari, na lilipotoka tulilitamka pamoja, mimi na yeye.

Neno lile linalorudi ndilo moyo wa ghazali. Nami nashikilia kwamba hakuna lugha nje ya Iran na Bara Hindi iliyojiandaa kuipokea ghazali kama Kiswahili, ila sisi wenyewe hatujasogea kuipokea. Vifaa tunavyo kabatini, tena vingine kwa majina yale yale.

Tazama msamiati wake. Waurdu huita mizani ya shairi *bahr*, yaani bahari, na sisi malenga wetu husema bahari za ushairi. Mkusanyo wa mashairi ni *divan*, kwetu ni diwani. Mwalimu wa kutunga ni *ustad*, kwetu ustadhi. Beti zao za mistari miwili huitwa *sher*, neno lenye asili moja na shairi, tofauti ni kwamba wao walilipa jina hilo jozi moja ya mistari na sisi tukalipa utungo mzima. Jozi hiyo pia huitwa *bait*, ambalo ndilo ubeti wetu, na maana yake ya kwanza katika Kiarabu ni nyumba au hema. Kila mstari wa nyumba hiyo huitwa *misra*, na hapo ndipo nilipotabasamu niliposoma asili yake: misra ni ubao mmoja wa mlango wenye mbao mbili.

Mtu wa Lamu au wa Mji Mkongwe hahitaji maelezo zaidi. Mlango wa kuchonga una mbao mbili, na katikati una mfaa unaozikutanisha. Ubao mmoja ukiufungua peke yake unaona nusu ya ukumbi tu. Sheri ya ghazali hujengwa hivyo hivyo. Misra ya kwanza inafungua nusu, inakuacha ukichungulia. Misra ya pili inafungua nusu iliyobaki, na ghafla nyumba yote inaonekana. Mshairi mbovu ni yule ambaye misra yake ya pili inaonyesha kile ulichokwisha kukiona.

Sasa kanuni. Sheri ya kwanza ya ghazali huitwa *matla*, mahali pa kuchomozea jua. Wavuvi wetu wana neno la mzizi huo huo: matlai, upepo wa mashariki. Katika matla mistari yote miwili huishia kwa namna moja, nayo ni namna ya mambo mawili yanayofuatana. Kwanza huja *qafiya*, ambayo nitaiita kafia, nayo ni kina kinachobadilisha neno lakini hakibadilishi mlio. Halafu huja *radif*, yaani radifu, neno au kikundi cha maneno kisichobadilika hata herufi moja. Kwa Waarabu radifu ni yule anayepandishwa nyuma ya mpanda farasi. Kwa lugha ya leo, abiria wa bodaboda. Dereva hubadilika kila safari, abiria nyuma ni yule yule. Baada ya matla, kila sheri inayofuata ina uhuru katika mstari wake wa kwanza, lakini mstari wa pili lazima urudi kwenye kafia na radifu ile ile. Zipo ghazali zisizo na radifu, na watu hawazikatai, lakini kafia haiachwi kamwe.

Maelezo matupu hayatoshi, kwa hiyo nimejaribu kuijenga matla ya Kiswahili, kwa mizani 16 tulizozizoea:

Mawimbi yaja yarudi, yaupiga mwamba bado;
Moyo nilioufunga, waivuta kamba bado.

Hapo mkataba umeshatiwa sahihi. Kafia ni *mwamba* na *kamba*, radifu ni *bado*. Anayesikiliza ameshajua nini kinamngoja, ila hajui kitamjia kutoka wapi. Sheri ya pili basi:

Babu walishamzika, jembe lake lina kutu;
Vuli ikija huita, jina lake shamba bado.

Sijisifu kwa beti hizi. Nimezileta zifanye kazi. Angalia kinacholipata neno *bado*. Katika matla ni neno la mtu asiyetulia, anayejidanganya kwamba amekwisha kupoa. Katika sheri ya pili limekuwa neno la uaminifu, la ardhi inayokumbuka kuliko watoto wa marehemu. Neno moja, na uzito wake umehama bega. Mtunzi akiwa fundi, kufikia sheri ya saba neno dogo la silabi mbili limebeba majuto, tumaini, dhihaka na dua. Hiyo ndiyo kazi ya radifu, na ndiyo sababu ghazali iliyovuliwa radifu yake huwa kama ngoma iliyotobolewa.

Umeona pia kwamba sheri ya kwanza ilikuwa ya mapenzi na ya pili ya shamba. Hakuna kosa. Kila sheri ya ghazali hujitosheleza. Haidai chochote kwa jirani yake ila mizani, kafia na radifu. Moja inaweza kuwa ya mahaba, inayofuata ya Mungu, ya tatu ya kumzomea mtawala. Ikiwa mtunzi anataka beti kadhaa zishikane katika wazo moja, huziita *qita* ili msomaji ajue, na ghazali yote ikishikana huitwa *musalsal*, yenye mnyororo. Lakini hayo ni ya kando. Kawaida ni uhuru.

Uhuru huu umewaudhi wengi. Altaf Husain Hali, mwanafunzi wa mshairi Ghalib mwenyewe, aliandika mwaka 1893 utangulizi mrefu kwa mashairi yake akiishutumu ghazali kwa kurudia-rudia mapenzi ya kubuni na kuitaka ibadilike. Baadaye mhakiki Kalimuddin Ahmad, aliyebobea katika fasihi ya Kiingereza, aliifikiria kama sanaa ambayo haijastaarabika kikamilifu, kwa sababu tu beti zake hazijengi kitu kimoja. Nawaheshimu wote wawili, Hali hasa, lakini naamini walipima kitambaa kwa kibaba. Walitafuta umoja katika maana, nao umekaa katika mlio. Na msomaji wa Kiswahili hana haja ya kushangaa: wazee wetu wa ushairi wanafundisha kwamba ubeti mzuri hujitosheleza, uweze kuuchomoa na kuutumia peke yake kwenye mazungumzo. Ghazali imeichukua kanuni hiyo na kuifikisha mwisho wa njia. Ndiyo maana katika Delhi, Lahore au Karachi mtu anaweza kukutupia sheri moja ya Ghalib sokoni kama sisi tunavyotupiana methali, bila kujali beti nyingine zilisema nini.

Raha yake kamili, hata hivyo, haiko kwenye karatasi. Iko kwenye *mushaira*, baraza la washairi. Zamani mshumaa uliwekwa mbele ya yule ambaye zamu yake imefika. Mshairi husoma misra ya kwanza, kisha huirudia. Watu humwambia *irshad*, sema basi, nao wanaanza kukisia. Anairudia tena, akiwachelewesha kwa makusudi. Kisha anaitoa misra ya pili, na inapofika kafia, ukumbi umeshakisia. Radifu hutamkwa na wote kwa pamoja. Hufuata *vah vah*, na iliyopendeza zaidi hudaiwa tena kwa neno *mukarrar*, lenye mzizi mmoja na kukariri kwetu. Mtu aliyewahi kukaa kwenye taarab, akasikia ukumbi ukipokea mstari kabla mwimbaji hajaumaliza, anaijua raha hiyo.

Nyakati nyingine mwenyeji hutangaza mapema mstari mmoja, uitwao *tarah*, na washairi wote waje na ghazali zilizotungwa kwa mizani, kafia na radifu ya mstari huo. Mchanganyiko wa mambo hayo matatu Waurdu huuita *zamin*, ardhi. Sijaona istilahi ya ushairi iliyo nzuri kuliko hiyo. Watunzi ishirini wanapewa shamba moja, udongo mmoja, mvua moja, na tunaona nani atavuna nini.

Sheri ya mwisho ni *makta*, mahali pa kukatia. Sisi tuna makataa, siku ya mwisho isiyosogezwa, na tuna kaditama, ubeti ambao malenga hufunga kwa kutaja jina lake au mji wake. Katika makta mshairi wa Kiurdu hutia lakabu yake ya ushairi, *takhallus*. Mirza Asadullah Khan, aliyezaliwa Agra mwaka 1797 na kufa Delhi mwaka 1869, alianza kwa lakabu ya Asad, simba, kisha akajiita Ghalib, mwenye kushinda. Ni mzizi ule ule wa aghalabu yetu. Kabla yake alikuwapo Mir Taqi Mir, ambaye lakabu yake inatokana na amiri. Bahadur Shah, mfalme wa mwisho wa nasaba ya Mughal, alijiita Zafar, ushindi, naye akafa mwaka 1862 uhamishoni Rangoon, Waingereza wakiwa wamemnyang'anya kila kitu baada ya maasi ya 1857. Makta ndipo mtunzi anapojigeukia mwenyewe, anajiita kwa jina kama anayemwita mtu mwingine, na kujiuliza, kujikemea au kujipa pole. Mfalme asiye na ufalme akijiita Ushindi katika mstari wa mwisho, msomaji hahitaji maelezo ya chini.

Historia yake nitaipitia haraka. Ghazali ni mtoto wa Uarabuni, ilikua Hijazi katika karne ya kwanza ya Hijra kama shairi la mapenzi. Waajemi waliilea ikawa na umbo tunalolijua, na Hafez wa Shiraz, katika karne ya 14, akaipandisha mahali ambapo mvinyo, mpendwa na Mungu hupeana nafasi bila kugongana. Amir Khusrau aliitunga Delhi kwa Kiajemi mapema zaidi. Katika Kiurdu ilianzia kusini, Dekani. Sultani Muhammad Quli Qutb Shah wa Golconda, aliyeuanzisha mji wa Hyderabad mwaka 1591, ni miongoni mwa wa kwanza kuacha diwani kamili, na diwani ya Wali wa Dekani ilipofika Delhi mwaka 1720 iliwaonyesha washairi wa mji mkuu kwamba lugha ya sokoni inaweza kubeba mzigo wa Kiajemi. Diwani hizo, kwa desturi, hupangwa kwa herufi ya mwisho ya radifu, wala si kwa tarehe. Hata kitabu kizima hujipanga kwa mkia wa mstari.

Watu wake ni wale wale kizazi hadi kizazi: ashiki anayeungua, mahabubu asiyejali, mshindani mwenye wivu, saki anayemimina, sheikh mwenye mahubiri mengi na matendo machache, nondo anayeuzunguka mshumaa. Wengine huona uchovu katika hilo. Mimi naona ni kama kete za bao: hazibadiliki, na ndiyo maana mchezo hauishi. Faiz Ahmed Faiz, aliyefungwa gerezani Pakistan kuanzia mwaka 1951 hadi 1955, aliwachukua watu hao hao akaandika siasa nao. Mahabubu akawa nchi, kutengana kukawa kifungo, mshindani akawa dola. Msomaji aliyelelewa na ghazali alielewa mara moja. Ni huyo huyo Faiz aliyeandika gerezani, Januari 1955, shairi la kuliita bara letu la Afrika liinuke. Lile si ghazali, lakini kwangu ni hodi iliyobishwa mlangoni kwetu, nasi bado hatujaitikia inavyostahili.

Na hapa nafika kwenye linalonikereketa. Mara nyingi ushairi wa Mashariki umetufikia kupitia Kiingereza. Mwaka 1952 Shaaban Robert alitupa Omar Khayyam kwa Kiswahili, kazi ninayoipenda na niliyoirudia mara nyingi, lakini chanzo chake kilikuwa Kiingereza cha Edward FitzGerald cha mwaka 1859. Shaaban alitumia mlango uliokuwa wazi wakati wake. Sisi wa leo hatuna udhuru huo. Kiingereza kimeitendea ghazali vibaya hasa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Aijaz Ahmad aliwapa washairi wa Marekani, Adrienne Rich na W. S. Merwin miongoni mwao, tafsiri sisisi za Ghalib wazitengeneze upya. Kitabu kilitoka mwaka 1971. Walifanya mashairi mazuri, lakini kafia na radifu ziliachwa njiani, na kizazi kizima cha watunzi wa Kiingereza kikaamini ghazali ni beti za mistari miwili zisizohusiana. Mkashmiri Agha Shahid Ali alipigana na dhana hiyo hadi kifo chake mwaka 2001, akawataka washairi wa Kiingereza waifuate kanuni au wasitumie jina. Walishaonyeshwa zamani kwamba inawezekana: Mjerumani August von Platen alichapisha ghazali zenye kafia na radifu kwa lugha yake mwaka 1821.

Kama Kijerumani kiliweza, Kiswahili kinashindwaje? Tena mtu aliyetuandikia Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, Sheikh Kaluta Amri Abedi wa Ujiji, meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, ndiye aliyekwenda kusoma Rabwah, Pakistan, mahali ambapo Kiurdu ni lugha ya darasa na ya mimbari. Daraja lilikuwapo ndani ya mtu mmoja. Alifariki mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 40 tu, na hatukuendeleza ujenzi.

Ugumu upo, na afadhali tuutaje. Mizani ya Kiurdu, kama ya Kiarabu, husimama juu ya silabi fupi na ndefu. Irabu zetu zina uzito mmoja, kwa hiyo naona tushike hesabu yetu ya 16 au ya 12 bila kuona haya. Kina chetu nacho ni chepesi mno: karibu kila neno huishia kwa irabu, na ukikubali silabi ya mwisho peke yake utapata kafia elfu kabla ya chai kupoa. Napendekeza tudai na irabu iliyotangulia: *mwamba* ifuatwe na *kamba* na *shamba*, lakini *nyumba* ibaki nje. Halafu iko radifu. Kiurdu huweka kitenzi mwishoni mwa sentensi, ndiyo maana radifu zake nyingi ni vitenzi vidogo. Kwetu kitenzi hutangulia, kwa hiyo radifu zetu zitakuwa maneno kama bado, tena, kwetu, peke yake. Ukichagua kimilikishi, jihadhari: *yangu* haliruhusu neno lolote la kafia lisilokubaliana nalo, kwa maana haliwezi kugeuka *wangu* wala *changu* katikati ya safari. Ngeli zetu zitaibana ghazali kwa namna ambayo Ghalib hakuijua. Mimi naona hiyo ni zawadi. Umbo hili limeishi kwa kubanwa.

Kwa hiyo nawaomba vijana wa idara zetu za Kiswahili na fasihi, Nairobi, Dar es Salaam, Zanzibar na kwingineko: mmoja wenu ajifunze Kiurdu. Wazee wanaokisoma bado wapo katika miji yetu, wakae nao kabla hawajaondoka na kanda zao. Ghazali ya kwanza ya Mir itafsiriwe kutoka mdomoni mwake, na radifu ikae mahali pake.

Nawe msomaji unayetunga, usingoje tafsiri. Mwenyeji ameshatangaza tarah. Ardhi ni hii: mizani 16, kafia ya -amba, radifu *bado*. Sheri mbili zimekwisha kupandwa, makta iko wazi inangoja jina lako.